Nyuzi Katika Damu ya Shemeji

Ukiuliza habari za Parafujo utaambiwa alikuwa mkali, na anayekuambia hivyo atakuwa amepunguza kwa adabu. Mimi sina adabu hiyo. Mtu yule alikuwa na shari. Aliamka na shari kabla ya chai, na akishakunywa chai shari ikapata nguvu. Mlinzi wa lango la hospitali akimwona kwa mbali alijitia kufunga kamba za viatu ili wasisalimiane, maana salamu ya Parafujo ilikuwa ukaguzi: mbona kifungo hakipo, mbona macho mekundu, mbona unacheka asubuhi yote hii, umeokota nini? Na msinitazame hivyo. Mtu wa aina hiyo hata kwenu yupo, ila nyinyi mmemzoea.

Alikuwa fundi wa maabara. Alipima damu, mkojo na vingine visivyotajwa watu wakiwa wanakula. Jina la Parafujo alibandikwa na wanafunzi waliokuja kujifunza kazi, kwa sababu ya bakteria fulani aliowapenda kuliko binadamu. Bakteria hao ni wembamba mno, wamejisokota kama parafujo toka ncha hadi ncha. Huishi kwenye figo za panya na ng'ombe na hutoka na mkojo. Mtu akiukanyaga ana kidonda mguuni, au ukimrukia machoni akiwa kazini machinjioni, wanamwingia. Macho yanageuka manjano, figo zinagoma, na asipowahiwa ndio basi tena. Kwa darubini ya kawaida huwaoni ng'o. Lazima uzibe mwanga wa katikati mpaka uwanja uwe mweusi tititi, ndipo wao wang'ae kama nyuzi za fedha gizani.

Kwa kuwaona hao, Parafujo alijisikia. Akiwaeleza wanafunzi alisahau hata kuwatukana, au tuseme aliwatukana kwa mapenzi.

"Sikilizeni, vichwa maji! Ukijitosa mtoni ukapiga mikono, ukiacha kupiga unaendelea kuteleza kidogo, sivyo? Basi yeye hatelezi! Kwa udogo ule, maji kwake ni gundi. Akiacha kuzunguka amesimama papo hapo, kama aliyepigiliwa. Na akijitia kupunga mkia mbele na nyuma kama kasia, alichopata kwenda anakipoteza kurudi, anabaki palepale. Sasa afanyeje?"

Wanafunzi waliinamia madaftari yao.

"Azunguke, jamani! Mwili mzima uzunguke, kama parafujo inavyoingia kwenye ubao. Mkia wa nje hana. Ana kamba mbili chini ya ngozi, kila moja imefungwa kwenye ncha yake. Kamba zikizunguka huku, mwili unazungushwa kule. Ncha ya mbele inajikunja kama springi, ya nyuma kama ndoana. Ncha zote mbili zikiwa na umbo moja, anazunguka palepale bila kwenda popote, kama wewe hapo unayeandika hata kikohozi changu."

Halafu akafika kwenye jambo lenyewe, lile lililompatia heshima pale hospitalini. Damu ikikaa kwenye joto, chembe zake hutoa nyuzi nyembamba. Nyuzi hizo hung'aa vilevile gizani, hutikisika kwa kugongwagongwa na maji, huelea na mkondo, na zimewadanganya mafundi wengi wenye macho mazuri. Dawa yake ni kutia ute. Famasi walikuwa na ute mzito wa kutengenezea dawa ya macho makavu, na Parafujo aliuchukua kwao akautia kwenye tone la damu. Kwenye uzito ule bakteria wengine wenye mikia ya kawaida huhemewa na kukwama. Lakini hawa wa parafujo, uzito ukiwa wa kadiri, ndipo wanaposhika kasi. Parafujo ya chuma kwenye ubao laini hucheza, alisema. Kwenye ubao mgumu ndiyo inakamata. Na uzi wa uongo ukitiwa ute unalala. Basi alikaza sharti: hakuna kusema "wamo" kabla ya tone zito. Mwanafunzi aliyesahau alifukuzwa chumbani hadharani, na mmoja aliwahi kurudi kwao akilia.

Meza yake aliitumia pamoja na mama mmoja wa makamo, fundi mwenzake, aliyeitwa Mama Usafi, kwa vile alisugua vipande vya kioo mpaka mtu aone huruma. Wawili hawa walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Walikaa kiti kwa kiti, viwiko vinagusana, na hawakusemezana. Akiwepo mtu wa tatu ndipo walipozungumza kupitia kwake. "Mwambie huyo bwana taa ameiacha inawaka." "Mwambie huyo mama taa si ya babake." Asipokuwepo mtu, waliliambia friji. Chanzo cha ugomvi chenyewe wote wawili walikuwa wamekisahau, ila kuacha walikuwa hawawezi.

Lakini ugomvi wa Mama Usafi ulikuwa mchezo. Chuki hasa, ile ya kumkosesha mtu ladha ya chakula, Parafujo alimwekea shemeji yake.

Parafujo alikuwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake wa kike, tumbo moja. Huyo aliolewa na msimamizi wa machinjio, mtu wa kifua kipana na kicheko kikubwa, ambaye alimpenda kila mtu na kila mtu alimpenda. Hilo peke yake lilitosha kumchefua Parafujo. Kisha mfanyakazi mmoja wa machinjioni akaletwa hospitali macho ya manjano. Parafujo akaangalia, akatia ute, akawaona wanakwenda mbio. Hakukosea hata kidogo. Akapeleka habari idara ya afya, na machinjio yakafungwa muda mrefu ili yasafishwe na mifereji ichimbwe upya. Shemeji akakaa bila kazi. Makochi yakauzwa, kisha kabati, kisha cherehani ya mkewe.

Katika kikao cha familia, watu wamejaa sebuleni, shemeji akamwangalia Parafujo, akacheka kile kicheko chake. "Jamani," alisema, "kila mtu ana riziki yake. Huyu shemeji yangu anaishi kwa kuchungulia mkojo wa panya!"

Nyumba nzima iliangua kicheko. Mdogo wake naye alicheka. Labda hakukusudia, kicheko kilimponyoka tu, lakini Parafujo alimwona. Alinyanyuka akatoka, na toka siku hiyo hakukanyaga tena pale. Machinjio yalifunguliwa, shemeji akarudi kazini, makochi mengine yakanunuliwa. Parafujo hakusamehe. Alilala na maneno yale na akaamka nayo, akayatafuna kama mtu anayetafuna ukucha.

Basi siku moja mchana daktari wa zamu, binti mdogo wa umri lakini haogopi mtu, akaingia maabara mwenyewe na mrija wa damu mkononi.

"Mzee, hii naomba uiangalie sasa hivi," alisema. "Mgonjwa ana homa kali, macho ya manjano, tumbo linauma. Anafanya kazi machinjioni, kwa hiyo yawezekana ni wale wako. Lakini pia yawezekana ni jiwe limeziba mrija wa nyongo. Picha ya tumbo tumepiga, gesi imejaa, hatuoni kitu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nakungoja wewe. Kama ni wale wako, ini na figo zinawaka moto, tukimpasua tutamuua mezani. Kama ni jiwe, tusipompasua usaha utapanda kwenye damu, na tutakuwa tumemuua kitandani. Neno lako ndilo nitakalofuata."

Parafujo alipokea mrija, akasoma jina. Lilikuwa jina la shemeji.

Nitawaambia alichosikia, kwa sababu yeye mwenyewe baadaye hakukikana. Alisikia furaha. Moyo ulimruka kama wa mtoto aliyeletewa zawadi. Mwache aje, alisema moyoni. Mwache aje sasa kwangu, kwa mchungulia mkojo wa panya! Hakufanya haraka. Aliuweka mrija kando ya taa, akafuta lenzi taratibu, akaifuta tena, akapanga vioo, akavaa miwani. Damu ilikaa pale kwenye joto la taa muda wote alioutumia kufurahi.

Ndipo akatia tone, akazima taa ya chumba, akainama.

Zilikuwepo. Nyuzi za fedha, nyembamba, zinatikisika kwenye weusi. Mmoja ulipita katikati ya uwanja, ukaenda, ukaenda, ukapunguza mwendo polepole kama mashua inayofika ufukoni, ukatulia. Parafujo aliuona vizuri kabisa.

"Wamo," alisema.

Mama Usafi aliinua kichwa kwenye vioo vyake. "Daktari," alisema, "hebu muulize huyo bwana kama ametia ute."

Damu ilimchemka Parafujo. "Daktari, mwambie huyo mama mimi nimeanza kuwaona hawa yeye bado anaosha chupa!"

"Muulize tu, daktari. Ndiyo au hapana."

"Ebo! Nifundishwe kazi leo? Mtu wa machinjioni, macho manjano, homa, na nyuzi hizi hapa zinacheza, nawe unaniuliza ute? Ni wao. Msimpasue."

Daktari aliwatazama wote wawili, akasita kidogo. Lakini katika hospitali ile neno la Parafujo juu ya bakteria wale halikuwahi kupingwa. Akaondoka kwenda kuandika dawa.

Laiti Parafujo angeishia hapo. Hakuishia. Alivua koti, akaenda moja kwa moja mpaka wodini, akamkuta mdogo wake kwenye benchi la korido, kanga imemteleza begani, chupa ya uji mapajani. Aliposikia viatu aliinua macho, na uso ukamlegea. Alidhani kaka yake amekuja kumpa pole.

"Kaka," alisema. "Umekuja."

"Nimekuja kukwambia majibu. Ni wale niliosema, na akipasuliwa atakufa. Machinjio yale nilisema, mkaniona mchawi. Mumeo alisema naishi kwa kuchungulia mkojo wa panya, nawe ukacheka. Haya! Mkojo wenyewe sasa umo ndani yake. Mwambie acheke tena."

Yule mwanamke alimtazama mpaka Parafujo mwenyewe akahisi shingo inamwasha.

"Hata leo, kaka?" alisema. "Hata leo?"

Parafujo aligeuka akaenda zake. Alikula vizuri jioni ile, nasikia. Alikula akamaliza na akaongeza.

Asubuhi alipoingia kazini aliona jambo moja geni mezani. Mbele ya kiti chake, katikati kabisa, paliwekwa kile kichupa cha ute. Mama Usafi alikuwa amempa mgongo, anasugua kioo.

"Nani kaweka hiki hapa?" Parafujo aliliuliza friji.

"Shemeji yako hali yake mbaya," Mama Usafi alisema, na safari hii hakuliambia friji. Aligeuka akamwambia yeye, uso kwa uso. "Tumbo limekuwa gumu kama meza. Dawa haishiki. Wamechukua damu nyingine, ndiyo hiyo hapo. Tia ute, bwana. Nakuomba."

Parafujo alitaka kumpa vidonge vyake. Maneno yalimjaa mdomoni, mazuri, makali, ya kumkata mtu. Kisha akaona bora amtie haya kwa kazi. Atatia ute, atamwita achungulie, na mama yule hatathubutu tena kufungua kinywa maisha yake yote. Akavuta kichupa kwa hasira. Alichukua ule mrija wa jana, akachanganya tone na ute, akainama.

Nyuzi zilikuwa zimelala, zote. Si kwamba zilikwenda polepole, la. Zililala kama nywele zilizobaki kwenye kitana. Alingoja. Akasogeza kioo, akatafuta pembeni, akangoja tena mpaka jicho likatoa machozi. Akachukua damu mpya ya asubuhi ile, ambayo haikuona joto la taa. Humo hata nyuzi hazikuwamo. Weusi mtupu.

Labda ute umeharibika, alijiambia. Walikuwa na mrija wa bakteria wa kweli waliofugwa kwa ajili ya kufundishia, ukungu mweupe umejipanga kama pete chini kidogo ya uso wa chakula chao. Alichota hapo, akatia kwenye ute uleule, akachungulia. Walikuwa wanakwenda mbio! Mwili wote unazunguka, mbele springi, nyuma ndoana, wanachimba ute ule kwa njia iliyonyooka; huyu anasimama ghafla, papo hapo, anageuza ncha, anarudi alikotoka. Hakuna hata mmoja aliyeteleza. Ute ulikuwa mzima. Kilichoharibika kilikuwa kitu kingine.

Hapo ndipo alipokumbuka ule uzi wa jana uliopita katikati ya uwanja ukapunguza mwendo polepole. Uliteleza. Yeye, aliyewafukuza watoto wa watu darasani kwa jambo hilohilo, aliuona unateleza, akameza. Hofu ilimshika. Hakuogopa jina lake kuharibika. Hilo lilikuja baadaye. Aliogopa kwamba ameua mtu, na kwamba jana, kwa muda mzuri tu, kifo hicho kingemfurahisha.

Alikimbia. Watu wa hospitali ile hawakuwahi kumwona Parafujo anakimbia, wakadhani pameshika moto. Alimkuta daktari mlangoni mwa wodi.

"Si wao," alisema akihema. "Nilikosea. Damu haina kitu. Mpasueni."

Daktari hakumtukana, na hilo lilimuuma zaidi. "Daktari wa upasuaji yuko tayari," alisema. "Mimi mwenyewe nimeshaanza kushuku jiwe toka alfajiri. Lakini mgonjwa anaweweseka, hawezi kujisemea. Anayesema kwa niaba yake ni mkewe, na mkewe hataki."

"Hataki kwa nini?"

"Anasema jana kaka yake kasema mumewe akipasuliwa atakufa. Anasema kaka yake ana mengi mabaya, lakini kwa hilo jambo moja hajawahi kukosea. Nimemweleza mpaka nimechoka. Sasa nenda ukakitengue ulichokifunga."

Mdogo wake alikuwa palepale kwenye benchi. Alipomwona alisimama, akaweka mwili wake mbele ya mlango.

"Usipite," alisema.

"Nisikilize. Nilikosea jana. Si wale. Ni jiwe, lazima apasuliwe, sasa hivi."

"Jana asipasuliwe, leo apasuliwe." Sauti yake ilikuwa ya chini, wala haikutetemeka. "Jana ulikuja hapa umefurahi. Usinikatalie, nilikuona, nakujua toka tunalala mkeka mmoja. Leo umekuja unataka achinjwe. Unanionaje, wewe? Kwamba nimpeleke mume wangu kwenye kisu kwa neno la mtu anayemwombea kifo?"

"Simwombei kifo!"

"Thubutu! Apa."

Parafujo alifungua mdomo, na kiapo hakikutoka. Nesi na wagonjwa waliokuwa karibu walikuwa wametega masikio wote, na mzee mmoja mwenye mguu wa plasta alikuwa amesogeza hata kiti.

"Neno langu usilifuate," Parafujo alisema mwishowe. "Njoo uone kwa macho yako. Ukiona, amua mwenyewe. Usipoona kitu, rudi hapa uzuie mlango, na mimi sitakusogelea tena."

Alikubali, si kwa kumwamini. Alikubali kwa sababu ndani ya mlango ule mumewe alilia kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia.

Kule maabara, Mama Usafi alimvutia kiti. Parafujo aliweka kwanza tone la bakteria wa kufugwa. Alikiweka kioo upande, Mama Usafi akamnyang'anya, akakiweka yeye.

"Hawa ndio wenyewe," Parafujo alisema. "Hawa ni wazima. Maji waliyomo nimeyafanya mazito makusudi. Unaona wanavyokwenda?"

Mdogo wake aliinama. "Wanazunguka," alisema.

"Ndiyo njia yao ya kwenda. Uzito haumzuii, unampa mahali pa kushika. Mtazame mmoja akisimama."

"Kasimama."

"Kasimama vipi? Kateleza kwanza?"

"Hapana. Kasimama tu. Kama kagonga ukuta."

"Basi ndivyo alivyo aliye hai. Sasa angalia hii. Hii ni damu ya mumeo, ya jana, ile niliyoisemea. Ute ni uleule."

Aliinama tena. Safari hii alikaa zaidi. Alisogeza jicho, akafuta kioo cha juu kwa pindo la kanga, akatazama tena.

"Hizi hazifanyi kitu," alisema.

"Hazifanyi kitu. Ni nyuzi. Ni damu tu iliyokaa kwenye joto. Kwenye joto hilo niliiweka mimi mwenyewe."

Yule mwanamke aliinuka kwenye darubini polepole. Alimtazama kaka yake kwa macho makavu.

"Hiki kinamchukua mtu muda gani, kutia huo ute?"

"Kidogo tu."

"Jana hukutia."

"Sikutia."

"Basi jana uliona nini wewe?"

Parafujo angeweza kusema taa, angeweza kusema uchovu, miwani, wingi wa kazi. Mama Usafi baadaye alisema alimwona akizitafuta sababu hizo usoni, moja moja.

"Niliona nyuzi," alisema. "Niliona zinateleza, na nilijua aliye hai hatelezi. Nikasema ni wao kwa sababu nilitaka wawe wao. Nilitaka niwe nimesema kweli juu yake. Namchukia, mdogo wangu. Namchukia mpaka nikashindwa kuona."

Mdogo wake hakulia, wala hakumpiga. Alimgeukia Mama Usafi kana kwamba mle chumbani walikuwa wawili tu.

"Mama," alisema, "nenda kamwambie daktari wampasue."

Wakampasua. Lilikuwa jiwe, limekaa kwenye mrija wa nyongo kama kizibo, na nyuma yake usaha. Mpasuaji, mtu asiyependa maneno, alisema tu kwamba ingekuwa jana ingekuwa kazi nyepesi. Shemeji alikaa muda mrefu na mpira wa kutolea usaha ubavuni, homa inapanda inashuka, mara mbili wakamwita mkewe nyuso zikiwa zimewabadilika. Muda wote huo Parafujo hakukanyaga wodini. Alituma maembe, yakarudishwa. Alituma pole kwa mdomo wa nesi, nesi akarudi bila jibu. Kazini aliacha kupiga kelele, na wanafunzi, badala ya kushukuru, wakaingiwa na wasiwasi. Alimweleza mkuu wa maabara yote aliyoyafanya. Mkuu alimwondoa kwenye darubini ya giza, akampa kazi ya kupokea mirija dirishani, na darubini akapewa Mama Usafi. Parafujo hakubisha. Alikaa dirishani akingoja aje mtu wa kumwambia alivyo, kwa maneno anayoyastahili.

Siku shemeji aliporuhusiwa kwenda nyumbani, mdogo wake alikuja mpaka pale dirishani. Alikuwa amekonda, lakini amejifunga kanga mpya. Parafujo alisimama upesi, kalamu ikamwanguka.

"Amepona," alisema mdogo wake.

"Mungu mkubwa."

"Jana aliuliza ilikuwaje. Aliuliza kwa nini walichelewa kumpasua, na nani mwishowe alisema apasuliwe."

"Ukamwambia nini?" Parafujo aliuliza.

"Nimemwambia picha haikuonyesha vizuri, wakahangaika, kisha daktari akagundua. Aliuliza na wewe ulikuwa wapi. Nikamwambia ulikuwa likizo."

"Likizo?"

"Likizo. Nikimwambia la kwanza, akipata nguvu atakuja kukuua, nibaki na mume gerezani. Nikimwambia la pili, atakuja kukushika mkono akushukuru, unamjua alivyo. Hilo mimi siwezi kulitazama. Kwa hiyo hukuwepo, kaka. La kuua hukulifanya, la kuponya hukulifanya. Na daktari nimemwomba asiseme, na yule mama pia."

"Lakini mimi nilikuja kukwambia," Parafujo alisema. "Nilikimbia. Wewe mwenyewe uliniona."

"Nilikuona," alisema mdogo wake.

Aliweka sawa kanga yake begani. Nje, kwenye gari, shemeji alikuwa ameketi mbele na mto tumboni, anamchekesha dereva. Kile kicheko kikubwa kilikuwa kimerudi, chembamba kidogo, lakini ni chenyewe, kinasikika mpaka ndani. Mdogo wake alishuka ngazi kuelekea huko. Parafujo alitoa kichwa dirishani, akiomba ageuke, amtukane japo neno moja mbele ya watu. Yule alifungua mlango wa gari, akaingia, akaufunga.